Maswali ya Wasomaji: Kinga ya Joto kwa Nyumba za Mabati za Pwani

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zimetoka Tanga na Bagamoyo, na zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: nyumba ya bati ikingwe kwa kitu gani ili watu waweze kukaa ndani mchana wa kaskazi? Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu zile nyingine zinaegemea humo.

SWALI: Assalaam aleikum, mwandishi wa safu. Mimi na mume wangu tunajenga nyumba ya vyumba vitatu huko Pongwe. Kuta za tofali za saruji zimefika kwenye lenta na kenchi bado hazijapandishwa. Tumepanga kuezeka bati la msauzi la rangi ya kahawia iliyoiva. Fundi anatushauri tuweke polistirini juu ya dari. Mwenye duka anasema karatasi ya alumini inatosha. Shemeji yangu anayeishi Uingereza ametuandikia kwamba tusipozikinga kuta zote na kuweka pamba nene darini tutakuwa tumetupa fedha. Kiyoyozi hatuna na kwa sasa hatukitegemei. Tumsikilize nani? *Mama wa watoto watatu, Pongwe, Tanga*

JIBU: Waaleikum salaam, mama, na hongereni kwa kufika kwenye lenta. Mmeuliza kwa wakati, maana paa likishafungwa kila marekebisho huwa ghali mara mbili.

Shemeji yako ameshauri kwa nia njema, na kwa nyumba za huko aliko maneno yake ni sahihi. Nchini Uingereza wenye nyumba hushauriwa kuweka darini pamba ya kuhami joto yenye unene wa milimita 270, kwa sababu nyumba hupashwa moto kutoka ndani kwa miezi mingi ya mwaka na kazi ya kinga ni kuuzuia moto huo usitoke. Joto letu sisi linatoka nje, na nyumba isiyo na kiyoyozi huachwa madirisha wazi. Hewa iliyomo chumbani ni ile ile ya uani, kwa hiyo kuzivika kuta kinga nene hakuleti nafuu ya maana, na joto la miili, la jiko na la friji likishajikusanya ndani hukawia kutoka usiku. Fedha ya kuta iwekeni kwenye paa.

Sababu ya kusema hivyo ni mahali tulipo. Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na miezi mingine haliendi mbali sana. Siku isiyo na mawingu, kila mita moja ya mraba ya paa hupokea takriban wati 1,000 wakati wa adhuhuri, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba huwa limebeba joto la pasi 100 za umeme zilizowashwa kwa pamoja. Bati la geji 30 lina unene wa milimita 0.3 hivi, na unene huo hauwezi kulikawiza joto la namna hiyo hata kidogo. Bati hupanda mpaka nyuzi 60 za Selsiasi na zaidi, na kinachofuata ni suala la dakika chache. Kuta za mashariki na magharibi nazo hupigwa na jua, lakini ni la asubuhi na la jioni, na dawa yake ni kivuli: upenu uliotokeza vya kutosha, baraza yenye paa, au mwarobaini uliopandwa upande wa magharibi.

Sasa tutazame joto linavyoteremka kutoka kwenye bati mpaka kwenye vichwa vyenu, kwa sababu hapo ndipo jibu la swali lenu lilipo. Hewa ikipata joto huwa nyepesi na hupanda, kwa hiyo hewa ya moto iliyo chini ya bati haishuki yenyewe. Hubaki pale pale juu. Sehemu kubwa ya joto linalofika kwenye dari hufika kwa mnururisho, kwa njia ile ile ambayo joto la jua hutufikia likipita katika anga tupu. Mtu akisimama chini ya bati lisilo na dari saa nane mchana, utosi wake huunguzwa hata kama upepo unapita dirishani, na ukweli ni kwamba upepo hauwezi kuuzuia mnururisho. Kinachouzuia ni uso unaong'aa. Bati lililopigwa rangi, mbao na jipsam hutoa karibu mnururisho wote ambao kitu chenye joto lile kinaweza kutoa, ilhali uso wa alumini iliyo safi hutoa chini ya sehemu 10 kwa 100.

Kwa hiyo, kwa nyumba yenu, mwenye duka yuko karibu zaidi na ukweli kuliko wenzake, ingawa neno "inatosha" alilisema kwa haraka. Karatasi ya alumini hufanya kazi pale tu uso wake unaong'aa unapokuwa na nafasi ya hewa mbele yake, angalau milimita 25. Ikibanwa kati ya bati na ubao bila nafasi, joto hupita moja kwa moja, kwa kuwa alumini yenyewe ni miongoni mwa metali zinazopitisha joto upesi kabisa. Fundi aitandaze juu ya kenchi kabla ya kupigilia papi, ailegeze kidogo katikati ya kenchi na kenchi ili isigusane na bati, na kila kipande kipandane na mwenzake kwa sentimita 15 hivi, cha juu kikilalia cha chini, ili tone la mvua linalopenya kwenye tundu la msumari liteleze mpaka nje ya ukuta. Upande unaong'aa utazame chini. Wengi hudhani hapo fundi amekosea na humwamuru ageuze, lakini vumbi la Pongwe likitua juu ya uso unaong'aa kwa miaka miwili mitatu, mng'ao hupotea na kinga hupotea nao, ilhali uso unaotazama chini hautuliwi na vumbi.

Kabla ya alumini, hata hivyo, kuna mambo mawili yanayotangulia. La kwanza ni rangi, na hapa nakusihi mama, badilini uamuzi wenu. Bati la kahawia iliyoiva hunyonya sehemu nne kati ya tano za jua linalolipiga, pengine na zaidi, wakati bati jeupe au la krimu iliyopauka hurudisha sehemu kubwa ya jua hilo angani kabla halijawa joto. Aghalabu bei ya bati la kampuni moja haibadiliki kwa sababu ya rangi. Hii ndiyo kinga pekee katika barua yangu yote ambayo hamtailipia, na inaniuma kuona mtaa mzima unaezekwa kwa rangi ya chokoleti kisha kila nyumba inanunua feni tatu.

La pili ni pumzi ya paa. Acheni matundu kwenye upenu pande zote mbili za nyumba, yazibwe kwa wavu mgumu wa kuzuia popo na ndege, na acheni njia ya kutokea juu, ama chini ya kofia ama kwenye zile pembetatu za kuta za ubavuni. Hewa ya moto itatokea juu na ya baridi itaingilia chini bila mashine yoyote. Popo wa Tanga hawahitaji tundu kubwa, kwa hiyo wavu usiwe wa kubandika kwa misumari miwili.

Polistirini, lile povu jeupe linalofungiwa televisheni na friji madukani, nalo ni kinga ya kweli. Karibu lote ni hewa iliyofungiwa, na milimita 50 zake huzuia joto kupita kiasi cha ukuta wa zege wenye unene wa zaidi ya mita moja. Ikiwa baada ya alumini mtabakiwa na fedha, wekeni milimita 25 mpaka 50 juu ya dari ya chumba cha watoto, au mahali popote ambapo mtu hulala mchana. Msiweke zaidi ya hapo. Unene wa kwanza ndio unaofanya kazi kubwa, na kila mkiuongeza mara mbili mnapunguza nusu tu ya kile kidogo kilichokuwa bado kinapita. Nunueni ile iliyotiwa dawa ya kupunguza kushika moto, na msiiache wazi inaonekana kutoka chumbani. Ikishika moto hutoa moshi mweusi mzito, na moshi huo huua watu kabla ndimi za moto hazijawafikia. Jijini London, usiku wa tarehe 14 Juni 2017, watu 72 walifariki katika jengo la Grenfell baada ya moto wa jikoni kupanda kwenye paneli za nje zilizokuwa na plastiki ndani na povu la kuhami joto nyuma yake. Nyumba yenu ni ya chini na ina milango ya kutokea, lakini tabia ya povu ni ile ile.

Neno la mwisho kwa fundi. Alumini hupitisha umeme. Australia ilianzisha mpango mkubwa wa kukinga madari ya nyumba mwaka 2009 na kuusimamisha Februari 2010 baada ya vifo vya vijana wanne waliokuwa wakifanya kazi hiyo. Watatu walipigwa na umeme, na katika baadhi ya ajali hizo pini za chuma za kufungia karatasi zilitoboa nyaya. Wa nne alizidiwa na joto. Nyumba ambayo tayari ina umeme, swichi kuu izimwe kabla mtu hajapanda darini. Nyumba yenu mpya, nyaya zipite ndani ya mabomba ya plastiki mbali na karatasi. Na kazi ya darini ianze alfajiri na kuishia saa nne asubuhi.

SWALI: Ndugu mwandishi, nina nyumba ndogo ya wageni Bagamoyo, vyumba sita vyote vina viyoyozi. Dari za jipsam zinatoa madoa meusi, rangi inachubuka, na vyumba viwili vinanuka ukungu. Niliambiwa paa linavuja, nikabadilisha mabati yote, lakini madoa yamerudi. Sasa nashauriwa niweke pamba ya kioo. Je, itasaidia? *Mwenye nyumba ya wageni, Bagamoyo*

JIBU: Pole sana ndugu yangu kwa gharama ya mabati. Kwa maelezo yako, maji hayo hayatoki kwenye mvua. Yanatoka kwenye hewa.

Hewa ya pwani ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, ambayo ni hali ya kawaida kabisa Bagamoyo, huanza kudondosha maji kwenye kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 25. Chupa ya soda iliyotoka kwenye friji hulowa kwa sababu hiyo hiyo. Mgeni anapoweka kiyoyozi kwenye nyuzi 18, jipsam ya dari yako inapoa, na upande wake wa juu unagusana na hewa ya darini iliyojaa unyevu wa bahari. Ubao unalowa kwa juu usiku kucha bila mtu kuona, kisha ukungu unatokeza kwa chini.

Kinga nene unaihitaji, tofauti na mama wa Pongwe, kwa sababu wewe unalipia kila kipimo cha ubaridi unaopotea. Lakini pamba ya kioo ikilazwa hivi hivi juu ya jipsam itakuongezea tatizo: hewa yenye unyevu itapenya ndani ya pamba, itafika kwenye ubao wa baridi, itageuka maji, na pamba iliyolowa haikingi kitu chochote tena. Ni lazima iwe na ngozi isiyopitisha mvuke, na ngozi hiyo ikae upande wenye joto, yaani juu, kuelekea bati. Vitabu na picha nyingi za kutoka nchi za baridi zitakuonyesha ngozi ikiwa chini, upande wa chumbani, kwa kuwa kwao mvuke hutoka ndani ya nyumba yenye joto kwenda nje kwenye baridi. Mafundi wengi hufuata picha hizo kwa uaminifu na kufungia unyevu mahali pabaya. Nunua pamba ya milimita 50 mpaka 100 iliyobandikwa karatasi ya alumini upande mmoja, ilazwe karatasi ikiwa juu, na viungo vyote vifungwe kwa utepe wa alumini. Mahali ambapo taa, feni na mabomba ya kiyoyozi hupenya kwenye dari pazibwe kwa uangalifu kuliko pengine pote, maana kitundu cha upana wa kidole huingiza unyevu mwingi kuliko dari nzima iliyofungwa vizuri. Mafundi wavae barakoa, glavu na nguo za mikono mirefu, kwa sababu nyuzi za kioo huwasha ngozi na hazifai kuvutwa kifuani.

Vipande vya jipsam vilivyokwisha kushika ukungu vitolewe vitupwe. Kuvipaka rangi ni kuficha ugonjwa. Na uwaombe wageni, kwa tangazo la adabu mlangoni, waweke kiyoyozi kati ya nyuzi 24 na 26. Dari isiyopozwa kupita kiasi hailowi.

SWALI: Shikamoo. Sisi vijana wa huku Pangani tunaona makumbi ya nazi na mabaki ya mkonge yakichomwa kila siku. Kwa nini tununue kinga za kutoka nje wakati nyuzi tunazo? *Kijana wa Pangani*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote. Mkonge uliingia pwani hii ya Pangani mwaka 1893, na tangu wakati huo tumeuza nyuzi zake kwa kamba na magunia huku tukilala chini ya bati tupu. Nyuzi zote, ziwe za makumbi, za mkonge au za pamba, hukinga joto kwa sababu ile ile: hufungia hewa isiyotembea. Zikiwa kavu na zimetandazwa bila kushindiliwa, makumbi na mkonge huzuia joto kwa kiwango kisicho mbali sana na cha pamba ya kioo. Wazee wetu walilijua hilo kwa njia ya makuti, na yeyote aliyeketi chini ya makuti saa saba mchana kisha akaingia nyumba ya bati anajua tofauti yake bila kupewa takwimu.

Kinachokwamisha ni mambo manne: unyevu, mchwa, panya na moto. Nyuzi zikinyonya unyevu huoza, na zikiwa kavu kabisa huwaka upesi. Katika nchi ambako kinga hutengenezwa kwa karatasi zilizosagwa, karatasi hizo huchanganywa na boraksi na asidi ya boriki, ambazo hupunguza kushika moto na pia hufukuza wadudu na ukungu. Njia hiyo inaweza kujaribiwa kwa nyuzi zetu, lakini msianzie kwenye dari ya nyumba wanamolala watu. Anzeni na banda la kuku au stoo, tengenezeni mikeka ya unene wa sentimita 5, nusu iliyotiwa dawa na nusu isiyotiwa, na muitazame kwa masika mawili. Kipande kidogo kichomeni nje, mbali na upepo, mwone kinavyowaka na kama kinazimika chenyewe. Mkipata matokeo, niandikieni. Nitayachapa yote, mazuri na mabaya.

SWALI: Mimi nimepanga chumba kimoja Ngamiani. Hakuna dari, ni bati tu, na mwenye nyumba hataki habari ya matengenezo. Nina fedha kidogo sana. Nifanye nini? *Mpangaji, Ngamiani, Tanga*

JIBU: Ndugu yangu, chumba chako ndicho kinachopata joto kali kuliko vyote vilivyoandikwa humu, kwa kuwa kati yako na bati hakuna kitu chochote. Kitu chochote kitakachosimama hapo katikati kitakusaidia. Nunua karatasi ya alumini iliyobandikwa kwenye plastiki laini yenye malengelenge ya hewa, ambayo huuzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kiasi cha kufunika juu ya kitanda na meza yako tu kama huwezi kufunika chumba kizima. Funga kamba za nailoni kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, itandaze juu yake sentimita 20 au 30 chini ya bati, na uache wazi sentimita chache kwenye kingo ili hewa ya moto ipande na kutokea juu ya ukuta. Siku ukihama, unaikunja unaondoka nayo. Ukikosa kabisa, hata shuka jeupe zito lililotandazwa hivyo hivyo hukata mnururisho kwa kiasi, ingawa si sawa na alumini.

Angalia waya wa taa kabla ya yote. Katika vyumba vingi vya kupanga waya huo huning'inia wazi kwenye kenchi, na karatasi ya alumini isiusogelee kabisa. Kama haiwezekani kuukwepa, tumia shuka. Udi wa mbu, mshumaa na jiko la mkaa visiwekwe chini ya kitu ulichokitandaza, hasa kikiwa shuka. Na kwa mwenye nyumba, usimwombe matengenezo. Mwombe ruhusa tu ya kupaka bati rangi nyeupe ya mabati juu ya chumba chako, kwa gharama yako, baada ya kulisugua kutu na kuliosha. Rangi hiyo humlindia bati lake dhidi ya chumvi ya bahari, na ukimweleza hivyo huenda akachangia kopo moja.